Kazi Mbili za Paa

Jua la pwani hupiga kutoka juu. Lamu iko nyuzi 2 kusini mwa ikweta, Unguja nyuzi 6 na Dar es Salaam karibu 7. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri husimama wima juu ya Dar es Salaam, na miezi mingine haliendi mbali sana. Ukuta wa nyumba ya chini hupata kivuli cha upenu, cha mnazi au cha nyumba ya jirani; paa halina wa kulikinga. Ulaya, ambako watu huzuia joto lisitoke nje, kazi ya kukabili joto huhusu kuta na madirisha sawasawa na paa. Kwetu huanza na paa, na nyumba nyingi huishia hapo hapo. Paa la pwani lina kazi mbili: kuzuia mvua na kuzuia jua. Hoja yangu ni kwamba wajenzi wa zamani walizijua kazi hizi kuwa mbili na mara nyingi wakazipa matabaka tofauti. Kwamba hofu ya moto, sheria za miji na biashara ya ng'ambo viliziweka zote juu ya karatasi moja ya chuma. Na kwamba katika mabadiliko hayo kazi ya pili ilibaki bila mtu wa kuifanya. Silaumu bati. Nalaumu kuachwa kwake peke yake, na ningependa kuonyesha jinsi jambo hilo lilivyotokea.

Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliueleza mji ule kuwa wa mbao, nyumba zake zikiwa zimeezekwa kwa majani. Wakati huo huo, mwendo mfupi kutoka mjini, kasri la Husuni Kubwa lilikuwa la mawe, na Msikiti Mkuu ulikuwa wa mawe vilevile. Wanahistoria wamebishana sana kuhusu maneno yake. Kwa jambo tunalolizungumzia inatosha kujua kwamba majani na mawe viliishi pamoja katika mji mmoja kwa karne nyingi, na kila kimoja kilikuwa na njia yake ya kukabili jua. Nyumba ya mawe ilijengwa kwa jiwe la matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo, kuta zikifika unene wa nusu mita. Juu ya kuta zililazwa boriti za mikoko. Boriti haikuweza kubeba mzigo ule mzito kwa zaidi ya takriban mita 3, ndiyo maana vyumba vya kale vya Lamu, Pate na Unguja ni virefu na vyembamba. Boriti zilizopakiwa majahazini kwenda Oman na nchi za Ghuba zilipanga upana wa vyumba vya huko pia. Juu ya boriti yalikuja mabamba ya mawe, na juu ya mabamba zege la chokaa na kokoto lililopigwa kwa magongo siku baada ya siku, wapigaji wakifuata mdundo wa nyimbo, mpaka likashikana. Katika karne ya 19 sehemu kubwa ya kazi hiyo, pamoja na kuvunja mawe na kuchoma chokaa, ilifanywa na watumwa, na anayesifu ubaridi wa nyumba zile hana budi kulitaja hilo.

Unene ule ulifanya kazi kwa kuchelewesha. Joto la saa sita mchana lilianza safari ndani ya zege na mawe likafika chumbani saa nyingi baadaye, likiwa limepungua, na chokaa nyeupe ya juu ilirudisha sehemu ya mwanga wa jua kabla haujaingia kabisa. Hapa wataalamu wa ujenzi wa nchi za joto wana pingamizi la haki. Otto Koenigsberger na wenzake, katika kitabu chao cha mwaka 1974 kuhusu nyumba za tropiki, walifundisha kwamba mahali penye joto na unyevunyevu, ambako usiku haupoi sana, nyumba inafaa iwe nyepesi na wazi kwa upepo. Jengo zito hufaa zaidi jangwani, ambako usiku ni baridi na mawe hupata nafasi ya kupumua. Kwa kipimo hicho nyumba ya mawe ya Lamu ni nyumba ya nchi nyingine. Lakini pingamizi hili linaichukua sakafu ya paa kana kwamba ilibaki tupu. Lamu, nyumba nyingi ziliinuliwa paa la makuti juu ya paa lile tambarare, likiwa wazi pembeni, na hapo familia ilipunga upepo, ikaanika nguo na kupika. Kuti likapokea jua, upepo ukapita katikati, na zege la chini likakaa kivulini mchana kutwa. Jiwe lililotiwa kivuli halina joto kubwa la kutoa usiku. Mpangilio huo unajibu fundisho la Koenigsberger vizuri kuliko majengo mengi yaliyosanifiwa baada ya kitabu chake, na ulibuniwa na watu waliokuwa wakiishi ndani yake.

Wengi, hata hivyo, hawakuwa na nyumba za mawe. Nyumba ya kawaida ya pwani ilikuwa ya miti na udongo, na ulinzi wake wote ulikuwa kwenye makuti. Inafaa kulitazama kuti kwa karibu, kwa sababu watu huliona kuwa jani tu. Makuti ya viungo hutengenezwa kwa kukunja majani ya mnazi juu ya kijiti, jani moja likilalia jingine, kisha kushonwa kwa kamba chini kidogo ya mkunjo. Mwezekaji huanza chini, kwenye upenu, akipanda kuelekea mwamba, na kila kuti hulala juu ya lililotangulia likiacha sehemu ndogo tu ya ncha. Kwa hiyo mahali popote pa paa mtu akichoma kijiti atapita matabaka mengi ya majani makavu, na kati ya jani na jani kuna hewa iliyotulia. Hewa hiyo ndiyo inayozuia joto, sawa na inavyofanya katika pamba ya kioo inayouzwa leo kwa mita ya mraba. Mteremko mkali hukimbiza mvua kabla haijalowesha tabaka la ndani. Kuta hazikufika juu kabisa, na sehemu za pembetatu kwenye ncha za paa ziliachwa wazi au kuzibwa kwa majani mepesi, hewa ya moto ikatoka huko. Penye uwezo, chumba kimoja kiliwekewa dari ya boriti na udongo, mahali pa kuhifadhia mali.

Moto ndio uliokuwa udhaifu wa paa hilo, na huu haukuwa udhaifu mdogo. Cheche moja ya jikoni wakati wa kaskazi inatosha. Mwaka 2009 moto uliteketeza mamia ya nyumba Faza, katika kisiwa cha Pate, na kuacha maelfu ya watu bila makazi, kwa sababu makuti yalikuwa yamekaribiana na upepo ulikuwa na nguvu. Yeyote anayeandika kuhusu uzuri wa makuti bila kulitaja jambo hilo hawatendei haki waliopoteza kila kitu kwa moto mmoja. Watawala wa kikoloni walikuwa na sababu ya kuuogopa moto, na pia waliogopa panya wa tauni wanaojificha majanini. Lakini tazama jinsi walivyoigeuza hofu hiyo kuwa sheria. Kanuni za ujenzi za Wajerumani za mwaka 1891 ziliigawa Dar es Salaam kwa aina ya nyumba: upande wa bahari majengo ya mawe ya kizungu, nyuma yake mengine, na nyumba za miti na udongo zikasukumwa mbali zaidi. Waingereza waliochukua nchi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wakaendelea na mgawanyo wa kanda tatu. Nyumba za maofisa zilikuwa na dari za juu na varanda pana kuzunguka pande zote, kwa hiyo wenye mamlaka walijua vizuri joto ni nini na huzuiwaje. Kwa nyumba za Waafrika, walichokihesabu ni nafasi kati ya nyumba na nyumba, choo, na kitu gani kinaweza kuwaka. Joto la chumba cha mpangaji wa Kariakoo, mtaa wa Waafrika wa Dar es Salaam, halikuwa chini ya ofisi yoyote.

Bati lilikuwa tayari kuingia katika pengo hilo. Henry Robinson Palmer alipewa hataza ya bati la migongo London mwaka 1829, na Mfaransa Stanislas Sorel akapata ya kulipaka zinki dhidi ya kutu mwaka 1837. Lilikuwa jepesi, lilipangwa kirahisi ndani ya meli, na fundi mmoja na msaidizi waliweza kuezeka kwa siku moja. Unguja lilifika mapema. Beit al-Ajaib, jumba ambalo Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, liliezekwa kwa bati. Na mapaa ya chokaa ya Mji Mkongwe yalipoanza kupasuka na kuvuja wakati wa masika, wenye nyumba wengi, hasa wafanyabiashara wa Kihindi, walisimamisha paa la bati juu ya lile tambarare badala ya kuita tena wapigaji wa chokaa. Hapa ndipo ninapouona ushahidi wenye nguvu kuliko wote. Katika Mji Mkongwe bati lilikuja juu ya kitu. Chini yake kulikuwa na hewa, chini ya hewa kulikuwa na zege na boriti, na aliyelala chumbani hakukutana na bati kamwe. Bati lilichukua kazi ya mvua, likaiachia sakafu kazi ya joto, na nyumba ikawa bora kuliko ilivyokuwa.

Ng'ambo ya hapo, na kule Kariakoo, na katika mitaa ya Mombasa nje ya mji wa kale, bati hilo hilo lilikuja mahali pa makuti bila kuacha chochote chini yake. Kwanza yalikuja madebe: makopo ya mafuta ya taa yaliyokatwa, kunyooshwa kwa nyundo na kupigiliwa msumari kama magamba ya samaki. Yalikuwa membamba, yakashika kutu baada ya misimu michache, na bati lililoshika kutu hunyonya jua kuliko lile jipya linalong'aa. Kisha yakaja mabati kamili, kwa kila aliyeweza kuyanunua. Chuma hupitisha joto mamia ya mara kuliko majani makavu. Saa saba mchana karatasi ya bati iliyo juani inaweza kufika nyuzi 60 za selsiasi au zaidi, nayo huangaza joto hilo moja kwa moja kwenye kichwa cha aliye chini, hata pale hewa ya chumba haijapanda sana. Ndiyo sababu kufungua dirisha hakusaidii kama watu wanavyotarajia: upepo hupoza hewa, lakini mng'ao wa joto kutoka juu hausukumwi na upepo. Kinachoukata ni kitu kilichosimama kati ya bati na mtu. Nyumba ya makuti ilikuwa na kitu hicho ndani ya paa lenyewe, na ya mawe ilikuwa nacho chini ya paa.

Watu watasema, na wana haki, kwamba hakuna aliyelazimishwa. Hata pale sheria haikufika, vijijini kabisa, mwenye fedha alinunua bati kwanza kabla ya kitanda. Makuti huoza na kudai kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, na kazi hiyo huangukia msimu ambao watu wana shughuli nyingine. Bati hukaa miaka 20 au 30. Maji ya mvua yatokayo kwenye bati yanaweza kukingwa pipani, jambo ambalo limewapunguzia wanawake wengi safari za kisimani. Sikatai hata moja kati ya haya. Nasema tu kwamba kila faida iliyotajwa inahusu kazi ya kwanza ya paa, ile ya mvua. Watu walilipia kile kilichokuwa sokoni, na sokoni karatasi ya kuzuia mvua iliuzwa yenyewe, wakati tabaka la kuzuia joto halikuuzwa kama sehemu ya paa bali kama urembo wa baadaye. Takwimu za serikali nazo zilisaidia kulificha jambo: sensa na tafiti za kaya huuliza nyumba imeezekwa kwa nini, na mwenye bati huhesabiwa kuwa amepiga hatua, awe na dari au asiwe nayo.

Kuna pingamizi jingine ambalo nalichukulia kwa uzito zaidi, kwa sababu linatetea joto lenyewe. Majaribio yaliyofanywa Gambia na kuchapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba mbu waliomo katika nyumba za bati hufa haraka kuliko wale wa nyumba za nyasi, kwa kuwa bati huchoma chumba mchana. Je, tunataka kuwapa mbu kivuli? Jibu limo katika utafiti mwingine wa nchi hiyo hiyo, wa mji wa Farafenni, uliochapishwa mwaka 2009. Nyumba zilizowekewa dari ya wavu zilipunguza mbu wanaoingia kwa karibu nusu, kwa sababu mbu wa malaria hupenda kuingia kupitia uwazi kati ya ukuta na paa. Kwa hiyo tabaka la pili linaweza kumzuia mbu asiingie badala ya kumsubiri aingie ili auawe na joto ambalo mtoto naye analilalia. Upungufu mkubwa wa nyumba ya makuti, ule uwazi wa juu, unatibika bila kumpika mwenye nyumba.

Baadhi ya waliotafuta njia ya kati kati ya makuti na bati waliipata asbesto, na sehemu hii ya historia inauma. Karatasi ya saruji iliyochanganywa na nyuzi za asbesto haiungui, haishiki kutu, haipigi kelele mvua ikinyesha, na hupitisha joto kidogo sana kuliko chuma. Kwa mhandisi wa miaka ya 1950 ilionekana kujibu kila swali, na ilipanda juu ya shule, zahanati na nyumba za wafanyakazi katika nchi zetu. Hatari yake haikuwa siri wakati huo. Uingereza ilikuwa imeweka kanuni za kulinda wafanyakazi wa viwanda vya asbesto tangu mwaka 1931, na mwaka 1960 J. C. Wagner na wenzake waliripoti wagonjwa 33 wa saratani ya utando wa mapafu, wengi wao wakiwa wameishi karibu na machimbo ya Rasi ya Kaskazini huko Afrika Kusini, baadhi bila kuwahi kufanya kazi migodini. Ugonjwa huo huchukua miaka 20 hadi 50 kujitokeza. Kenya ilipiga marufuku asbesto mwaka 2006, lakini karatasi zilizokwisha kuezekwa bado ziko juu ya vichwa vya watu. Karatasi nzima isiyoguswa si hatari kubwa. Hatari huja inapokatwa kwa msumeno, kutobolewa au kuvunjwa ikiwa kavu. Anayeishusha inampasa ailoweshe kwanza, aiondoe nzima, avae barakoa inayozuia vumbi laini na aifunge kabla ya kuizika mahali palipotengwa. Vipande vyake kufanywa kizimba cha kuku ni jambo la kukomeshwa.

Leo soko limejaa vitu vipya: pamba ya kioo, pamba ya mwamba, mabamba ya povu, karatasi ya alumini yenye mapovu ya plastiki. Historia niliyoieleza inafundisha namna ya kuvichagua kuliko tangazo lolote. Povu la plastiki linazuia joto vizuri sana, lakini ni mafuta ya petroli yaliyogandishwa, na moto wa jengo la Grenfell, London, mwaka 2017, ambamo watu 72 walikufa, ulipanda ukutani kwa sababu ya plastiki iliyokuwa ndani ya mabamba ya nje, ukisaidiwa na povu la kuzuia joto nyuma yake. Ingekuwa jambo la kusikitisha kama tungeyakimbia makuti kwa hofu ya moto kisha tukaweka chini ya bati kitu kinachowaka kwa moshi wenye sumu. Pamba ya kioo na ya mwamba haziwaki, ingawa zinawasha ngozi na koo, na fundi asiyevaa glavu na barakoa atajuta. Zisibanwe ili zitoshe mahali padogo. Zikibanwa hewa hutoka, na hewa ndiyo iliyonunuliwa. Zisifunike taa zinazochimbiwa darini wala kuzizingira nyaya za umeme zinazopata moto.

Karatasi ya alumini ni rahisi kuliko zote na kwa bati la pwani ndiyo inayofaa zaidi, kwa kuwa hukata ule mng'ao niliousema. Ina masharti mawili. Uso wake unaong'aa lazima utazame hewa. Ukigusana na bati, alumini hugeuka kuwa chuma kingine cha kupitishia joto. Na ni afadhali uso huo utazame chini, kwa sababu unaotazama juu hufunikwa na vumbi katika mwaka wa kwanza na kuacha kung'aa. Tena alumini hupitisha umeme. Australia ilipoanzisha mpango wa kitaifa wa kuwekea nyumba vizuia joto mwaka 2009, kampuni nyingi ziliingia bila mafunzo, na mafundi vijana wanne walikufa: watatu kwa umeme, mmoja kwa joto la darini. Mpango ulifungwa mwaka uliofuata. Kwa hiyo umeme wa nyumba nzima uzimwe kabla ya mtu kupanda na karatasi hiyo, na isipigiliwe kwa pini za chuma penye nyaya.

Linabaki suala la fedha, na hapa desturi yetu ya kujenga kidogo kidogo ndiyo inayoamua. Mtu hupaua, huezeka, huhamia, na dari huahirishwa hadi mtoto amalize shule. Lakini karatasi ya alumini hutandazwa juu ya kenchi kabla ya papi na bati kupigiliwa, ikiachwa ilegee kidogo ili nafasi ya hewa ya sentimita 2 au 3 ibaki juu yake. Baada ya bati kupanda, kuiweka vizuri hudai mara nyingi kufungua paa. Matundu ya hewa kwenye upenu na kwenye ncha za paa, yaliyozibwa kwa wavu wa mbu, nayo hugharimu kidogo sana siku ambayo fundi bado yuko juu. Mwenye nyumba asiyeweza kununua dari mwaka huu anaweza kumudu vitu hivyo viwili, na fundi anayempa hesabu ya mabati aviandike katika hesabu hiyo hiyo, kabla ya msumari wa kwanza.